KWA SHANTA HADI MASHAMBA YA CHAI

(Mazungumzo ya mwanachama wetu mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, na ndugu zangu wote tuliokula ugali wa njano katika bwalo hili hili,

Nimepewa dakika ishirini, na Katibu amekaa hapa mbele na saa yake mkononi kama alivyokuwa akikaa kwenye mdahalo. Ameniomba niseme habari za safari ya miguu katika milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani na mashamba ya chai, kwa sababu Klabu ya Jiografia ya vijana wa sasa inataka kwenda huko likizo ijayo, na wazazi wengine wanauliza kwa nini mtoto atembee ilhali magari yapo. Nilikubali upesi kuliko ilivyonipasa. Nilipoketi kuandika niliona kuwa hadithi ninayoisimulia kila tunapokutana haiwezi kumsaidia kijana yeyote. Iko nyingine, ambayo watatu tu tuliijua, na mmoja wetu amekwisha kufariki.

Wale wa miaka yangu watakumbuka karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na maktaba, muhula wa pili wa mwaka 1983, yenye kichwa cha maneno makubwa: SAFARI YETU YA AMANI. Niliiandika mimi. Mwalimu wa Jiografia aliisifu mbele ya gwaride, nikapewa kamusi, na kamusi hiyo ninayo hadi leo. Katika karatasi ile mlikuwa na sentensi moja isemayo kuwa safari ilifanikiwa sana "isipokuwa ajali ndogo iliyompata mwenzetu mmoja". Naomba muiweke sentensi hiyo kando. Nitairudia.

Tulikuwa watatu, kidato cha tano. Sitawataja kwa majina kwa kuwa mnawajua. Mmoja alikuwa golikipa wetu, ambaye yupo humu ndani, mstari wa pili, na tayari ananikazia macho. Wa pili alikuwa kiranja wa jikoni, Mungu amrehemu, aliyetutoka mwaka 2009. Wa tatu ni mimi, niliyekuwa mwenyekiti wa klabu na mwenye ramani, na kwa hiyo nilijiona jemadari.

Vijana mlioko hapa lazima mwelewe 1983 ilikuwaje. Sukari kwa mgawo, sabuni kwa mgawo, betri za tochi ukizipata unazificha. Tangu mwezi wa Machi mwaka ule Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na kila mwenye mzigo mgongoni alikuwa mtu wa kuulizwa. Shanta la kweli tulikuwa nalo moja tu, la kaka yake Golikipa aliyekuwa amemaliza Jeshi la Kujenga Taifa. Yale mengine mawili tuliyashona wenyewe kutokana na mifuko ya salfeti, tukayatia kamba za katani. Ndani mlikuwa na unga wa njano kilo sita, maharage, dagaa, chumvi, sufuria moja, turubai, blanketi, na sukari kilo mbili ambazo kiranja wa jikoni alizipata kwa njia ambayo hata leo sitaieleza mbele ya Mkuu wa Shule.

Ni sukari hiyo iliyotuweka saa mbili pale stendi ya Muheza. Mgambo wawili walitufungulia mizigo chini, mbele ya wauza machungwa, na kutuuliza tunampelekea nani. Kilichotuokoa ni barua ya utambulisho yenye muhuri wa shule. Basi, vijana, somo la kwanza la kutembea na shanta mgongoni ni karatasi, wala si viatu. Sisi tulikuwa na barua kwa katibu kata, na kila tulipolala tuliripoti kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Siku hizi mtalipia kiingilio pale Sigi na kupewa risiti, na hilo ndilo muhuri wenu.

Kutoka Muheza hadi Amani ni zaidi ya kilomita thelathini. Sehemu ya kwanza ni tambarare, michungwa na minazi, joto tupu. Hapo sina la kuwaambia ila mpite asubuhi. Mambo yanaanza Sigi. Wajerumani walikuwa wamejenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi pale ili kuteremsha mbao, na ingawa reli haipo tena siku nyingi, nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki. Kutoka pale, mita kama mia nne na hamsini juu ya bahari, barabara inajipinda na kujipinda hadi karibu mita mia tisa. Ukiondoka Sigi unatoka jasho, ukifika Amani unatafuta sweta. Kati ya hapo unapita msitu ambao jua haligusi ardhi, maji yanasikika kila upande na huyaoni, na vinyonga wenye pembe wamejishikilia vijitini kama wamesahauliwa.

Kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito ndipo linapoota lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vikopo madirishani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, ndiye aliyelipeleka Ulaya, wakalipa jina lake, Saintpaulia. Limeuzwa duniani kote tangu hapo. Mwenyewe nililipita mara kumi nikidhani ni gugu.

Amani nayo ina mengi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia ili waone ipi itakubali. Bustani yao ipo, na mkienda mtembee humo taratibu. Chai nayo ilijaribiwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla ya kulimwa kwa biashara nchini tangu miaka ya 1920. Tulipofika sisi, majumba yale yalikuwa kituo cha utafiti wa malaria, na mzee mmoja wa maabara alitupokea vizuri. Alitueleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipoziba bahari, Wajerumani walijitengenezea pale dawa ya kwinini, sabuni, na hata pombe kali. Kiranja wa jikoni alisikiliza yote, kisha akauliza kwa adabu kama ile sabuni ilikuwa imebaki walau kipande. Tulikuwa hatujafua siku nne.

Usiku ule siafu walivamia turubai letu. Sitaeleza. Waliowahi kupatwa na siafu gizani wanajua, na wasiowahi hawatasadiki kuwa Golikipa alitoka nje bila nguo yoyote akapiga mbio hadi kwenye nyumba ya balozi.

Sasa chai. Ukipita Amani kuelekea Monga, Kwamkoro na Bulwa, msitu unakatika ghafula, kama pazia lililovutwa, na mbele yako kunakuwa kijani kimoja kilicholala juu ya vilima vyote. Tulisimama. Hata mimi mwenye ramani nilinyamaza. Kijana aliyezoea shamba la mahindi hudhani chai ni kichaka kwa asili yake. La hasha; mchai ukiachwa huwa mti mrefu. Kinachouweka kiunoni pa binadamu ni mkono wa mchumaji na panga la kupogoa kila baada ya miaka michache. Uwanja ule wote tulioushangaa ni kazi ya vidole.

Tulikaa siku tatu kwenye kambi moja ya wafanyakazi, na huko ndiko nilikojifunza Jiografia kuliko darasani. Wengi wao hawakuwa Wasambaa. Baba zao, au wao wenyewe, waliletwa kutoka Iringa, Njombe, Songea na kwingineko, wakati wa manamba, wakabaki. Kwenye mistari ya michai ulisikia Kibena upande huu na Kisambaa upande ule. Tulijifunza kusalimu "onga maundo" asubuhi na "onga mshi" mchana, na kujibu "niwedi", tukachekwa na watoto hadi tukazoea.

Mama mmoja Mbena, wa umri wa mama zetu, ndiye aliyetuchukua. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba wanangu, mmefukuzwa shule?" Hakuamini kuwa mtu anaweza kupanda mlima na mzigo bila kutumwa. Kila asubuhi tulifuatana naye kabla jua halijatoka, umande ukitulowesha hadi kifuani. Alituonyesha: chipukizi na majani mawili, basi, ukichuma la tatu umeleta jani gumu, karani atalitupa. Alichuma kwa mikono miwili kwa wakati mmoja na kurusha begani bila kutazama nyuma, na majani yakaingia tengani. Mimi kwa asubuhi nzima sikufikisha kilo tano. Yeye siku nzuri alipita arobaini. Lakini ule ulikuwa mwezi wa Juni, kipindi cha baridi, na chai wakati huo huchipua kwa uchovu, kwa hiyo kila kilo ilikuwa inatafutwa kweli kweli. Malipo yalikuwa kwa kilo. Majani huanza kunyauka tangu yakatwapo, na yakinyauka hupungua uzito. Kila nusu saa ya kungoja mzani ilikuwa inatoka mfukoni mwake.

Kiwandani pia tuliingia, kwa hisani ya nyapara. Majani hutandazwa usiku kucha yanyauke, yakasokotwa na kukatwa, yakaachwa yabadilike rangi kutoka kijani hadi ile ya shaba huku chumba kizima kikinukia kama matunda yaliyoiva, ndipo yakaushwe kwa joto la kuni za mikaratusi na kuchekechwa. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai. Fanyeni hesabu hiyo mnapokunywa.

Sasa nimefika mahali ambapo karatasi yangu ya ubaoni iliruka.

Mpango ulikuwa turudi kwa njia tuliyoijia. Lakini nilikuwa na ramani, na kwenye ramani niliona kwamba upande wa magharibi mlima unashuka moja kwa moja kwenye bonde la Lwengera, na kutoka bondeni Korogwe haiko mbali. Tungeokoa siku nzima, na tungeweza kuandika kuwa tumevuka mlima wote. Nilipomwuliza mama yule njia, aliacha kuchuma. Alisema ile ni njia ya wapasua mbao, mvua za masika zimeiharibu, na wao wenyewe huipita kiangazi tu, tena bila mzigo. "Shukeni na barabara ya lori, wanangu." Nilimshukuru sana. Kisha nikawaambia wenzangu kuwa watu wa kijijini huogopesha wageni.

Kuna jambo jingine. Viatu vyangu vilikuwa vya ngozi, vya shule, na soli yake ilikuwa imelainika kama sabuni. Visigino vyangu vilikuwa vimechubuka hadi nyama. Golikipa alikuwa na raba nzuri za mpira, zenye meno, alizopewa kwa ajili ya mazoezi ya timu ya mkoa. Asubuhi ile tukiondoka aliniona nikichechemea, akakaa chini akazivua. "Vaa hizi mpaka chini." Sikubisha. Alivaa vyangu.

Tulikwenda mwendo wa saa moja na nusu hivi. Njia ilikuwa mwinuko mtupu wa udongo mwekundu uliolowa, na mizizi. Nilitangulia mimi, na raba zile zilishika vizuri sana. Nilisikia nyuma yangu kishindo cha shanta, halafu matawi, halafu kimya. Alikuwa ameteremka kama mita kumi na kusimama kwenye gogo. Mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umeelekea kusiko.

Kiranja wa jikoni alibaki naye. Mimi nilipanda kurudi, nikikimbia na kuanguka, na mtu wa kwanza niliyemwona ukingoni mwa chai alikuwa mama yule. Hakusema "niliwaambia". Aliliweka tenga lake chini kati ya mistari, akaita kwa Kibena, na wakaja watu saba, wanawake wanne na wanaume watatu, kila mmoja akaacha tenga lake pale pale. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi na kanga, wakapata machela. Niliona kuwa haikuwa mara yao ya kwanza. Walimtoa mle shimoni kwa mwendo wa saa tatu, wakibadilishana mabega, wanawake sawa na wanaume, na njiani mzee mmoja alimwimbia ili asilale. Lori la majani lilimchukua pamoja na kiranja kumpeleka hospitali. Mimi sikupanda. Niliambiwa nibaki nichukue mizigo, nifuate kesho.

Hivyo ndivyo nilivyokuwepo pale mzanini jioni.

Mtu asiyejua chai hajui kuwa majani mabichi yakishindiliwa kwenye tenga na kuachwa juani hupata moto yenyewe. Ukiingiza mkono unaona joto. Yale matenga manane yalikuwa yamekaa tangu saa tatu asubuhi. Karani aliingiza mkono kwenye la kwanza, akautoa, akalimwaga. Majani yalikuwa mekundu. Alimwaga la pili. Alimwaga yote, moja moja, na hakuwa mtu mbaya, kiwanda kisingeyapokea. Nao walisimama kwenye foleni wakitazama. Hakuna aliyenigeukia. Mama yule alilichukua tenga lake tupu, akalikung'uta, akaniambia, "Twende ukale."

Nilikuwa na shilingi mia mbili na kitu, fedha ya nauli yetu sote. Nilizipapasa mfukoni njia nzima. Nilijiambia, tukikosa nauli tutafikaje? Nilijiambia, nitawatumia. Usiku ule nilimwahidi mama yule kuwa nitaandika barua kwa anwani ya shamba, na ndani nitatia hawala ya posta kwa ajili ya wote wanane. Aliniandikisha jina lake kwenye kibiriti, kwa kuwa hatukuwa na karatasi kavu. Alisema hakuna deni, ila barua nimwandikie, anijulishe mguu wa mtoto umeponaje. Yaani hilo tu ndilo aliloomba.

Kile kibiriti nilikuwa nacho hadi kidato cha sita. Sikuandika. Kwanza sikuwa na fedha, halafu nikaona haya kuandika bila fedha, halafu muda ukapita nikaona haya kuandika kabisa. Siku moja nilikitafuta sikukiona.

Shuleni, Golikipa alirudi na plasta baada ya majuma matatu, na alipoulizwa alisema aliteleza mtoni akicheza. Hakusema habari za njia, wala za viatu. Timu ya mkoa ilichagua mwingine. Hakudaka tena. Mlio hapa mlikuwa mkimwimbia yule golikipa mpya, nami niliimba. Na ile sentensi, "ajali ndogo", aliisoma ubaoni akiwa juu ya magongo. Nilikuwa nimesimama karibu naye.

Mwaka 2022, tukiwa wazee wenye vitambulisho vya kustaafu, nilimwendea nikamwambia twende tena. Alicheka. Kisha akanunua viatu. Tulishuka Sigi asubuhi, tukapanda kwa miguu hadi Amani, saa sita, yeye na fimbo na mimi na magoti yangu. Msitu sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 1997. Vijana wa Kizungu walitupita na mashanta marefu kuliko vichwa vyao, wakatuita "babu" kwa Kiswahili kizuri. Bodaboda zilitupita pia, na moja ilikataa kuamini kuwa hatutaki kupanda.

Kambi ile tuliipata kwa shida. Nyumba nyingine zimebomoka. Upande mmoja wa kilima chai imeachwa, nayo imefanya kile nilichowaambia, imekuwa miti, na ukipita chini yake huoni bonde wala mbingu. Chai yenyewe iko mashakani miaka hii. Viwanda kadhaa nchini vimesimama au vinasuasua, na vijana wa kule wanapenda zaidi iliki, karafuu na pikipiki. Tulimtaja mama yule kwa jina, maana jina nilikuwa sijalisahau. Wengine walisema alirudi kwao Njombe miaka mingi, wengine walisema alizikwa pale pale. Mwishowe tulipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mtu wa kiwanda enzi hizo. Nilimsimulia yote, machela, matenga, wanafunzi watatu. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akasema, "Mwanangu, watu tuliowabeba ni wengi. Wazazi, watoto, walioangukiwa na magogo. Wewe ulikuwa yupi?"

Nilikuwa na bahasha. Nilijaribu kumpa. Aliuliza ni ya nani, nikasema ni ya watu wanane. Akasema basi yeye hawezi kuipokea, kwa kuwa yeye ni mmoja na hakuwa miongoni mwao. Tulikunywa chai kwake, ya rangi, yenye iliki. Bahasha nilirudi nayo.

Usiku ule, Amani, tuligombana, mimi na Golikipa, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Nilimwomba radhi, nikaanza kutaja moja moja: ramani, onyo la mama, viatu, sentensi ya ubaoni. Alinikatiza. Alisema nimembeba miaka arobaini kama shanta bila kumwuliza kama anataka kubebwa. Alisema na yeye alilisikia onyo la mama yule kwa masikio yake, naye akaamua kwenda, wala hakuwa mtoto. Alisema viatu alitoa mwenyewe. Kisha akanyamaza muda mrefu, akasema, "Ila ile sentensi, ndiyo. Ile iliniuma."

Ndugu Mwenyekiti, nimeulizwa kama safari inawafaa vijana. Inawafaa. Waende, tena kwa miguu kutoka Sigi, si kwa basi. Wavae soli yenye meno, kila mtu na viatu vyake. Nguo kavu wazifunge kwenye nailoni, maana Amani hunyesha hata mwezi usio wa mvua. Wachukue kamba ndefu. Wakiuliza njia kwa mchumaji chai na akaacha kuchuma ili awajibu, wageuke. Na mwalimu atakayewaongoza akabidhiwe fungu la fedha ambalo si la nauli wala si la chakula, na arudi nalo likiwa tupu endapo watu watawaachia kazi zao. Bahasha yangu ndiyo hii, nimemletea Katibu iwe mwanzo wa fungu hilo. Ina shilingi laki nne. Nilijaribu kupata thamani ya leo ya kilo za wachumaji wanane kwa siku moja ya Juni, nikashindwa, nikaandika tarakimu hiyo.

Na ile karatasi ya ubaoni, kama ingali kwenye majalada ya klabu, naomba isahihishwe. Pale penye "ajali ndogo" iandikwe kuwa mwenzetu alivunjika mguu kwenye njia tuliyokatazwa, akiwa amevaa viatu vya mwenyekiti.

Namwona Golikipa ameinua mkono. Nilijua. Katibu, zimebaki dakika mbili zangu, nampa yeye.